Ripoti imeandika BRAF: je, ni kansa inayokuja polepole?

Swali la msomaji: "Shikamoo dokta. Nina miaka 34. Nilitolewa uvimbe ovari ya kushoto, ripoti ikaja imeandikwa serosi bordalaini, afu wakapima jeni wakakuta BRAF V600E, KRAS wakasema hamna. Kemo sijapewa, nimeambiwa niwe narudi kliniki tu. Mdogo wangu naye ultrasaundi imeonyesha ana sisti, na mama miaka ya nyuma alitolewa uvimbe una nywele na jino ndani. Sasa ndugu wanasema hili ni la ukoo. Naomba kujua, hii yangu ni kansa inayokuja polepole? Mdogo wangu ndo ananifuata njia hiyo hiyo? Na binti yangu nimpeleke akapimwe jeni?"

Marahaba dada, na pole kwa upasuaji. Naanza na majibu mafupi ili hayo marefu uyasome roho ikiwa imetulia. Uvimbe wako ni serosi, yaani wa maji mepesi, na bordalaini maana yake upo katikati, sio mpole kabisa lakini sio kansa, na kwa sababu ya hiyo BRAF waliyoikuta uwezekano wa kuja kugeuka ni mdogo hata kuliko wa wenzako wengi wenye bordalaini bila BRAF. Mdogo wako hakufuati popote. Mama alikuwa na kitu kingine kabisa, kinachofanana na chako kwa jambo moja tu, kwamba vyote vimetokea kwenye ovari. Na binti, kama kwenye ukoo hamna kansa za matiti au za ovari, mwache acheze.

Sasa tuje kwenye kwa nini. Shida ninayokutana nayo kwa wagonjwa, na kusema kweli hata kwa madaktari wenzangu wengine, ni ile picha ya ngazi moja: unaanza na sisti, sisti inakua inakuwa uvimbe, uvimbe unakuwa bordalaini, bordalaini inakuwa kansa, kwa hiyo kila mwenye sisti anahesabiwa yupo chini ya ngazi anasubiri zamu yake kupanda. Vipimo vya jeni vimetuonyesha ngazi ya hivo haipo. Zipo njia kadhaa, kila moja inaanzia kwenye seli yake na kosa lake la DNA, na nyingi ya njia hizo zinaishia hapo hapo karibu na zilipoanzia.

Njia yako wewe imeanza na BRAF. Hizi BRAF na KRAS ni jeni ambazo kila mtu anazo, mimi ninazo, mumeo anazo, kazi yake ni kutengeneza protini zinazopokezana ujumbe kutoka nje ya seli mpaka kwenye kiini, ujumbe wa kwamba sasa gawanyika. KRAS anapokea huko juu, anampa BRAF, BRAF anampa MEK, MEK anampa ERK, na ERK ndo anaingia kwenye kiini kuwasha jeni za kukua, halafu kazi ikiisha mstari wote unazimika mpaka ujumbe mwingine uje. V600E maana yake ni kwamba kwenye protini ya BRAF, nafasi ya 600, asidi amino inayoitwa valini imetoka na mahali pake imekaa asidi ya glutamiki. Kwenye DNA ni herufi moja tu imebadilika, T imekuwa A. Lakini hiyo herufi moja inaifanya BRAF iwe kama kengele ya mlangoni iliyonasa, inalia tu wakati mlangoni hamna mtu.

Na hapo unaona kwa nini ripoti ikasema KRAS hamna. Hao wawili wapo mstari mmoja, akiharibika mmoja ujumbe unapita muda wote, seli haipati faida yoyote ya ziada kumharibu na wa pili, kwa hiyo uvimbe ukiwa na BRAF mbovu karibu kila mara KRAS yake ni nzima, na ukiwa na KRAS mbovu BRAF ni nzima. Usije ukasoma ile ripoti ukadhani KRAS hamna ndo nusu nzuri na BRAF ipo ndo nusu mbaya. Ni jibu moja tu limeandikwa mara mbili.

Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walichukua uvimbe wa serosi bordalaini na kansa za serosi za gredi ya chini, zile zinazokua taratibu, wakazipima, karibu theluthi mbili ya kila kundi wakakuta moja ya hizo mbili, ama BRAF ama KRAS. Kisha wakapima zile kansa kali za serosi gredi ya juu, zile ambazo mtu akisikia kansa ya ovari ndo hizo anazoziwazia, hawakukuta kitu. Kwenye hizo kali kilichoharibika ni jeni nyingine inaitwa TP53, TCGA, mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jeni za kansa, ulipochapisha matokeo mwaka 2011 ilikuwa imeharibika kwa asilimia 96 ya kansa walizozipima, na kromosomu zake zimevurugika vibaya, vipande vimekatika vimeungwa kusikohusika, vingine vimejirudia mara nyingi. Bordalaini ya serosi haina huo mvurugo, kromosomu zake karibu zote zimetulia na TP53 yake kwa kawaida ni nzima. Tena hizo kali nyingi tunajua siku hizi hazianzii hata kwenye ovari, zinaanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale unapoikaribia ovari. Yaani zile na yako hazijawahi kuwa barabara moja.

Swali linalobaki ni hili: kama bordalaini na kansa ya serosi ya gredi ya chini zinashirikiana BRAF na KRAS, basi si yako inaweza kuelekea huko? Swali la haki kabisa. Na jibu lake ndo sehemu ninayoipenda kwenye habari yote hii, kwa hiyo nivumilie nirefushe kidogo.

Ukihesabu BRAF V600E kwenye bordalaini za serosi unaikuta kwa wengi, tafiti nyingi zinatoa kati ya theluthi na nusu. Ukienda kwenye kansa za gredi ya chini, hasa zile zilizokwisha sambaa, BRAF inashuka inakuwa chache sana, chini ya asilimia 10 kwenye tafiti nyingi, wakati KRAS yenyewe inabaki pale pale na NRAS ndugu yake anaanza kuonekana. Sasa fikiria, kama BRAF ndo ingekuwa inausukuma uvimbe kwenda kwenye kansa, ungetegemea kwenye kansa iwe imejaa. Imepungua. Maana yake wenye BRAF wengi hawafiki huko.

Kwa nini hawafiki? Seli ikipigiwa kelele za kukua bila kukoma sio kwamba inakubali tu milele, ina breki zake, protini kama p16 zinapanda na seli inaingia kwenye hali tunayoiita kuzeeka kwa seli, inabaki hai, inakula, inafanya kazi zake, ila haigawanyiki tena. Jambo hili lilichunguzwa sana kwenye vidoa vyeusi vya ngozi, vile vya kawaida ambavyo karibu kila mtu anavyo, vingi vyake vina BRAF V600E hiyo hiyo uliyonayo wewe, vilikua kidogo vikasimama na vinakaa na mtu miaka yote bila kumsumbua. Kwenye ovari nako tunaona dalili hizo hizo. Mimi kazi yangu ni hadubini, na kwenye bordalaini ya BRAF mara nyingi unakuta seli zimenenepa, zina saitoplazimu nyingi ya rangi ya pinki, zimejitenga na wenzake kama hazina haraka ya kwenda popote, na baada ya kuona slaidi za kutosha unaanza kubashiri kabla majibu ya jeni hayajarudi. Sio mara zote unapatia, lakini mara nyingi.

Tafiti zilizofuatilia wagonjwa zinaelekea huko huko, waliorudi baadaye na kansa ya gredi ya chini wengi wao uvimbe wa kwanza ulikuwa na KRAS au haukuwa na yoyote kati ya hizo mbili, wenye BRAF walikuwa wachache. Kwa ujumla wa bordalaini za serosi zote, wanaokuja kupata kansa ya gredi ya chini ni kama asilimia 4 mpaka 7, na hata hao inachukua muda, mara nyingi miaka mingi, wengine zaidi ya 10. Ndo sababu kliniki hawakuachii mapema hata kama unajisikia mzima. Na ili bordalaini igeuke lazima makosa mengine yaongezeke juu ya lile la kwanza, mfano kupotea kipande cha kromosomu 9 kinachobeba CDKN2A, ambayo ndo jeni inayotengeneza ile breki ya p16, au kipande cha mwisho cha mkono mfupi wa kromosomu 1, au kuharibika kwa jeni kama EIF1AX na USP9X. BRAF peke yake haitoshi. KRAS peke yake nayo haitoshi.

Ushahidi mwingine wa hilo ni implanti. Wanawake wengine wenye serosi bordalaini wanakutwa na vipele vidogo juu ya utando wa tumbo au kwenye omentamu, lile pazia la mafuta ndani ya tumbo, ukivipima unakuta myutesheni, yaani kosa la jeni, ile ile ya ovari, kwa hiyo kwa wengi wao ni seli zilizodondoka kutoka kwenye uvimbe wa ovari zikajishikiza huko. Zimesafiri, zimeota, na bado nyingi hazichimbi ndani ya nyama zinakaa juu juu tu. Zina kengele mbovu ile ile na hazijawa kansa. Zile chache zinazochimba siku hizi hatuziiti bordalaini tena, tunaziita kansa ya gredi ya chini moja kwa moja, na matibabu yanabadilika.

Haya, mdogo wako.

Kwanza ultrasaundi ikisema sisti kwa msichana ambaye bado anapata hedhi, kitu cha kwanza kukiwazia sio uvimbe hata kidogo, ni kifuko cha yai ambacho hakikupasuka siku zake au kilichobaki baada ya yai kutoka, hizo hazina kosa lolote la jeni na nyingi zinapotea zenyewe ndani ya wiki chache au miezi miwili mitatu, daktari anarudia picha na anakuta hamna. Ikibaki, ina ukuta mwembamba, ndani maji matupu, hamna vinyama vinavyoota ndani, basi inaweza kuwa serosi sistadenoma, uvimbe mpole kabisa. Na hapa ndo watu wanasema si ndo mwanzo wa ule wa dada yake? Ngoja.

Kwenye mwili wa mwanamke kila seli ina kromosomu X mbili na moja imezimwa, seli hii imezima iliyotoka kwa baba, ile imezima ya mama, zimechanganyika. Uvimbe ukitokana na seli moja iliyoharibika, seli zake zote zitakuwa zimezima X ile ile, kwa sababu wote ni wajukuu wa bibi mmoja. Walipopima sistadenoma za serosi kwa njia hii nyingi zilikutwa mchanganyiko, yaani hazikutokana na seli moja, ni sehemu ya ukuta iliyotanuka na kujaa maji, hamna seli iliyoasi. Na BRAF na KRAS wakizitafuta kwenye sistadenoma zilizo peke yake hawazikuti. Sasa utafiti mwingine wa 2004 ukachukua wale ambao kwenye uvimbe mmoja kuna sehemu ni bordalaini na sehemu ya pembeni bado inaonekana sistadenoma ya kawaida, na hapo karibu zote ile sehemu ya kawaida nayo ilikuwa na myutesheni ile ile ya bordalaini jirani yake. Kwa hiyo kosa la jeni linatangulia, sura ya bordalaini inafuata. Ila ni sistadenoma chache mno zinazopata hilo kosa, na zile nyingine zote zinabaki mifuko ya maji mpaka mwisho. Na mdogo wako hawezi kulipata kutoka kwako, kwa sababu lilitokea ndani ya seli moja ya kwako ukiwa mtu mzima au angalau baada ya kuzaliwa, halipo kwenye damu yako wala kwenye mayai yako. Hiyo V600E hatuioni ikirithiwa kwenye familia.

Mama yako sasa, wa nywele na jino. Huo unaitwa teratoma iliyokomaa, wengine wanauita sisti ya demoidi, na ni kati ya uvimbe wa ovari unaotokea sana kwa wanawake wenye umri wa kuzaa. Najua unatisha ukiuona na familia nyingi zinauwekea maneno yasiyo yake, mara amerogwa, mara ni pacha aliyemezwa tumboni. Hapana. Mwaka 1975 Linder na wenzake walionyesha ni yai la mwanamke mwenyewe lililoanza kujikuza bila mbegu ya mwanaume. Yai linapokomaa linatakiwa kugawanya kromosomu zake mara mbili, na kwenye uvimbe huu mara nyingi mgawanyo wa kwanza unafanyika, wa pili unakwama, basi yai linabaki na kromosomu 46 za XX na zote zimetoka kwa mwenye ovari. Namna walivyolijua hilo ni nzuri sana: karibu na kitovu cha kila kromosomu nakala mbili zinafanana kabisa, hata mahali ambapo kwenye damu ya mwanamke huyo huyo nakala zinatofautiana, lakini ukienda mbali kuelekea ncha tofauti zinarudi, kwa sababu kromosomu zilishabadilishana vipande kabla ya mgawanyo wa kwanza. Kitu cha namna hiyo kinaweza kutokea tu kwa seli iliyopita mgawanyo wa kwanza wa yai.

Na kwa sababu ni yai, linajua kutengeneza kila kitu, ngozi, nywele, mafuta, meno, hata tezi ya shingoni. Mtoto haliwezi kutengeneza, kuna jeni ambazo zinafanya kazi zikitoka kwa baba tu na hapo baba hayupo. Ukitafuta BRAF, KRAS, TP53 kwenye teratoma ya kawaida hukuti, kosa lake ni la mgawanyo, herufi za DNA ziko sawa. Asilimia 1 hadi 2 tu ndo zinakuja kupata kansa ndani yake, na hasa kwa wanawake wa umri mkubwa uvimbe ukiwa umekaa miaka mingi. Wa mama ulishatolewa, habari yake imeisha.

Wacha niseme kidogo na aina nyingine, maana wapo wasomaji watakaosoma hili jibu na ripoti zao zinasema vitu tofauti na chako. Musinosi, ule wa ute mzito, huo kidogo unakaribia ile picha ya ngazi niliyoikataa pale juu. KRAS inakutwa mapema kabisa tangu sistadenoma, inaongezeka kwenye bordalaini, na kwenye uvimbe mmoja ukikata sehemu iliyo mpole, sehemu ya bordalaini na sehemu ya kansa unakuta KRAS ile ile imepita kote, CDKN2A inapotea nayo mapema, halafu TP53 na ile HER2 ya kwenye kansa ya matiti zinaingia zaidi kwenye kansa, HER2 kwa karibu moja ya tano ya kansa za musinosi. Ndo sababu uvimbe wa musinosi ukiletwa maabara sisi tunaukata vipande vingi, angalau kimoja kwa kila sentimita ya ukubwa na zaidi kama ni mkubwa sana, kwa kuwa unaweza kuwa mpole kote isipokuwa kona moja. Na msisitizo mmoja kwa wenye musinosi: KRAS ipo kwa wingi pia kwenye kansa za utumbo, kwa hiyo kuikuta hakuthibitishi uvimbe umeanzia kwenye ovari, kidole tumbo na utumbo lazima viangaliwe.

Sisti za endometriosisi, ule ugonjwa wa utando wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko, zile za damu nyeusi nzito, zina njia yake tena ya ARID1A, PIK3CA, PTEN na wenzao. Hizo jeni zimekutwa zimeharibika hata kwenye endometriosisi isiyo na kansa yoyote, hata kwenye utando wa kawaida wa mfuko wa uzazi, kwa hiyo mtu asije akashtuka akiona ARID1A kwenye karatasi akadhani hukumu imetoka. Faibroma ni nyama ya kati ya ovari, mara nyingi utakuta kromosomu 12 iko tatu badala ya mbili, basi.

Kuhusu kurithi, ambako ndugu zako ndo wameng'ang'ania. Zile jeni za kurithi zinazosikika sana, BRCA1 na BRCA2, zinahusu ile kansa kali ya gredi ya juu, ile ya TP53 na mirija. Bordalaini haipo kwenye familia hiyo, mwanamke kukutwa na bordalaini peke yake sio sababu ya kupimwa BRCA. Ila kama kuna shangazi, mama mdogo, bibi, dada aliyepata kansa ya ovari kali au kansa ya matiti akiwa kijana, hiyo ni sababu, na ingekuwa sababu hata kama wewe usingekuwa na uvimbe wowote. Hali hiyo hiyo kwa kansa za utumbo mpana na mfuko wa uzazi zikijirudia kwenye ukoo, hapo tunawaza sindromu ya Lynch. Hicho ndo kitu ambacho hukukitaja kwenye swali lako, kaa na wazee uwaulize vizuri, na uulize upande wa baba pia, watu wanasahau kwamba baba naye anapitisha BRCA kwa mabinti zake.

Zipo na uvimbe nyingine za ovari adimu zinazoashiria kweli jambo la kurithi, faibroma za pande zote mbili zenye chokaa kwa msichana mdogo tunawaza sindromu ya Gorlin na jeni ya PTCH1, uvimbe wa Sertoli na Leydig tunawaza DICER1, na kauvimbe fulani kenye vijibomba vya duara kanaendana na sindromu ya Peutz-Jeghers ambayo jeni yake ni STK11. Hakuna hata moja inayofanana na ulichoandikiwa.

Kemo. Hukupewa na walifanya sawa. Kemo inaua seli zinazogawanyika kwa kasi, bordalaini inagawanyika taratibu, na hata ndugu yake kansa ya gredi ya chini inaitikia kemo vibaya, kwa hiyo ungepata madhara tu. Tiba ya bordalaini ni kisu na ufuatiliaji, na kwa waliokutwa nao kwenye ovari moja tu wanaokuwa hai baada ya miaka 5 ni zaidi ya asilimia 95. BRAF yako kwa leo haibadilishi matibabu, na hapa natofautiana kidogo na wanaompa mgonjwa jibu la jeni bila maelezo, unampa mtu herufi na namba anaenda kulala nazo. Faida yake ni ya akiba. Tangu Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani FDA iliruhusu dawa ya dabrafenibu pamoja na trametinibu kwa kansa za uvimbe, sio za damu, zenye BRAF V600E zilizosambaa na zilizokosa njia nyingine, na trametinibu peke yake, ambayo inambana MEK, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka huo huo kwa wagonjwa wa kansa ya serosi gredi ya chini iliyorudi ilisogeza muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea kutoka miezi 7.2 hadi 13. Hizo ni kwa waliokwisha fika kwenye kansa, wewe hauhitaji, mtu asikuuzie. Tunza tu karatasi.

Kitakachoamua zaidi yatakayofuata ni vitu ambavyo hukuniandikia na vipo kwenye ripoti yako ya patholojia na ya upasuaji, vina uzito kuliko BRAF. Je walitoa ovari nzima au walikwangua sisti tu wakaacha ovari? Wakikwangua uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi, ingawa kinachorudi mara nyingi ni bordalaini tena kwenye ovari na kinatolewa tena, wengi wanafanya hivo makusudi ili wazae kwanza, na ni uamuzi mzuri kwa umri wako kama bado unataka mtoto. Je daktari aliangalia utando wa tumbo wote na omentamu akachukua vipande, na ripoti inasema nini kuhusu implanti, hazipo, zipo hazichimbi, au zinachimba? Je kuna neno maikropapilari, yaani seli zilizoota kama vidole vyembamba virefu, mahali popote? Na uvimbe ulipasuka ndani kabla ya kutoka au ulitoka mzima? Ukiyapata hayo niandikie hapa chini, usitume picha yenye jina lako, andika tu maneno yenyewe kama yalivyo, halafu ntakuambia kama kurudi kila miezi 6 kunatosha au uombe mpatholojia mwingine wa magonjwa ya kike azisome slaidi zako upya.